Wikiendi Kigoma: stesheni ya reli, meli ya Liemba na chumvi ya Uvinza. Nianzie wapi?

Toronto_ya_Tabora: Wakuu, nataka kutoka Tabora Ijumaa, nirudi Jumapili. Ufukweni sina haja. Nataka stesheni ya Mjerumani, Liemba na chumvi ya Uvinza. Gari au treni? Kipi kitanikwamisha?

Mwandiga: Njoo kwa gari, mkuu. Barabara ya Urambo na Kaliua inapita Uvinza kabla ya kufika Kigoma, kwa hiyo chumvi unaimaliza njiani. Treni nayo inapita hapo, ila ukishuka utasubiri ya siku nyingine, na Jumapili itakukuta hujafika kokote. Nenda kiangazi: maji ya chumvi yanakaushwa kwa jua mabwawani, mvua inayazimua. Kwenye mitambo usijiingilie tu, omba ruhusa ofisini. Zamani maji ya chemchemi yalichemshwa vyunguni kwa kuni, na vigae vilivyofukuliwa pale vinaonyesha kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,000.

Behewa_la_Tatu: Jumamosi anza na stesheni, iko mwisho wa Barabara ya Lumumba, chini kule. Reli ilifika 1914, na bila reli hakuna Liemba: meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa, ikaja kwenye makasha kama 5,000 hadi Dar, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ikaungwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Bandarini usitoe simu kupiga picha kabla hujaongea na mlinzi wa getini.

Toronto_ya_Tabora: Si Mwingereza ndiye aliyeizamisha?

Behewa_la_Tatu: Hapana. Wajerumani wenyewe, Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, isije ikatekwa. Injini walizipaka grisi nene kwanza. Ndiyo maana Waingereza walipoiopoa 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini. Usiende kutafuta injini za mvuke lakini; ziling'olewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli.

Mwandiga: Alasiri panda daladala ya Ujiji, inapitia Mwanga, si mbali. Makumbusho ya Livingstone yapo palepale alipokutana na Stanley mwaka 1871. Mwembe wenyewe ulishakufa, unaoonyeshwa ni uzao wake. Beba noti ndogondogo, chenji ya kiingilio husumbua. Na Jumapili uondoke alfajiri, usiku barabara ile ina ng'ombe.