Vita vya Kagera: nani alikuwa na cheo gani pembeni mwa Mwalimu?

Mchoraji_Chati:
Wakuu, naomba mninyooshee orodha. Natengeneza chati ya watu waliomzunguka Mwalimu Nyerere vita vya 1978–79 kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin: wanasiasa upande mmoja, makamanda upande wa pili. Kila ninakogusa pana mgongano. Mkuu wa Majeshi, huku naambiwa Twalipo, kule Musuguri. Waziri wa Ulinzi, wengine Kawawa, wengine Sokoine. Na hawa Waganda wa Kikosi Maalum, wapinzani wa Amin waliopigana upande wetu, niwaweke chini ya JWTZ (jeshi letu la Tanzania) au pembeni?

Faili_la_Zamani:
Mkuu, mkorogo wote unatokana na viti kubadilishwa mara mbili, 1977 na 1980. Watu wanachukua cheo cha mtu cha baadaye wanakirudisha nyuma.

Kawawa na Sokoine walibadilishana. Tangu 1972 Kawawa alikuwa Waziri Mkuu na Sokoine Waziri wa Ulinzi. Februari 1977 Sokoine akawa Waziri Mkuu, Kawawa akaenda Ulinzi. Kwa hiyo Amin anavamia Tanzania Oktoba 1978, Waziri wa Ulinzi ni Kawawa. Lakini kazi ya kukusanya nguvu za nchi, yaani magari ya watu binafsi, vyakula na wanamgambo kutoka mikoani, ilimwangukia Sokoine. Alikuwa ameiongoza wizara ile miaka mitano, akijua jeshi lina nini na limepungukiwa nini. Ndiyo maana jina lake linajitokeza kila mahali hadi watu wanampa uwaziri usio wake. Kwenye chati mpe mshale wa kwenda kwa wakuu wa mikoa, usimpe wa kwenda kwa makamanda.

Twalipo ndiye Mkuu wa Majeshi tangu 1974 hadi 1980, vita nzima. Mwaka 1980 akawa Waziri wa Ulinzi, na Musuguri akashika nafasi yake hadi 1988. Anayeandika "Mkuu wa Majeshi Musuguri aliteka Kampala" ameruka mwaka mzima.

Jambo dogo linalowapotezea wengi muda: usitafute "Mkuu wa Mkoa wa Kagera 1978". Mkoa ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita.

Ramani_Mezani:
Naongezea upande wa uwanja wa vita. Mwanzoni operesheni ilikuwa kwa Meja Jenerali Kiwelu. Mapema 1979 Musuguri akapewa Divisheni ya 20, iliyopita njia ya Masaka. Mayunga, "Mti Mkavu", alianza vita akiwa brigedia wa Brigedi ya 206, akapandishwa kuwa Meja Jenerali na kupewa upande wa magharibi, Mbarara. Chini ya Musuguri andika brigedi na makamanda wake hivi: 201 Imran Kombe, 207 Walden ("Black Mamba"), 208 Mwita Marwa.

Usichore brigedi hizi kama masanduku yaliyo sawa. Angalia mapigano ya Lukaya, kwenye njia ya kwenda Kampala, Machi 10. Barabara ya Masaka–Kampala pale inapita juu ya tuta, kinamasi huku na huku, huwezi kutawanya watu. Brigedi ya 201 ndiyo iliyokuwa mbele, na sehemu kubwa yake ni wanamgambo. Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, walipofyatua mizinga ya roketi ya BM-21, makombora mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini mgambo ambaye hajawahi kusikia sauti ile hangoji kupima yameangukia wapi. Safu ikavunjika. Musuguri akaigeuza 208, iliyokuwa kama kilomita 60 kaskazini-magharibi, ije kwa nyuma. Alfajiri ya tarehe 11, 201 iliyokusanywa upya ikapiga kutoka mbele, 208 kutoka nyuma. Kama hujaonyesha kwamba brigedi moja ni ya wanamgambo na nyingine ya askari wa kudumu, msomaji hataelewa kwa nini amri ile ilitolewa.

Mchoraji_Chati:
Shukrani sana. Na Waganda?

Faili_la_Zamani:
Waweke pembeni, kwa mstari wa nukta, na wagawe. Kikosi Maalum cha Tito Okello na Oyite-Ojok, watu wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walikwenda na Divisheni ya 20. FRONASA, kundi la wapiganaji la Museveni, ilikwenda na Mayunga. Jina UNLA, jeshi la pamoja la Waganda hawa, usilitumie kwa mapigano ya Februari. Mkutano wa Moshi uliowaunganisha ulifanyika mwishoni mwa Machi 1979, na pale aliyechaguliwa kuongoza ni Yusuf Lule. Obote hakuwemo mkutanoni. Mstari huohuo wa nukta mpe Samora Machel wa Msumbiji, aliyeleta batalioni moja ya askari wapatao 800.

Ramani_Mezani:
Mshale mmoja uutoe kwa Mwalimu moja kwa moja hadi Kampala. Aprili 1979, wakati jiji linabanwa, barabara ya mashariki kwenda Jinja iliachwa wazi kwa agizo lake, Walibya wapate pa kutokea, ugomvi na Gaddafi, kiongozi wa Libya, usizidi kukua. Askari anayeizingira Kampala asingeacha mwanya ule kwa hiari yake. Kampala ikaanguka tarehe 10 na 11.