Kubuni mchezo mpya kutoka bao la kiswahili: mashimo 24, kete 48. Wapi patavunjika?

NamuaMpya
Wakuu, salaam. Nabuni mchezo mpya wenye mzizi wa bao la kiswahili, ila mfupi, uishe ndani ya nusu saa na mtu asiyewahi kushika kete auelewe siku hiyohiyo. Nimepunguza ubao kutoka mashimo 32 (safu 4 za mashimo 8) hadi 24 (safu 4 za mashimo 6), na kete (mbegu za kuchezea) kutoka 64 hadi 48, ili wastani ubaki kete 2 kwa shimo. Kila mchezaji anapata 24: nyumba (lile shimo maalumu la safu ya mbele) kete 4, mashimo mawili yanayopakana nayo 2-2, moja kila upande, na 16 mkononi. Nafikiria pia kuongeza kadi chache za uwezo maalumu. Sheria nyingine zote nimeziacha zilivyo. Nioneshe udhaifu uko wapi kabla kazi haijaenda kwa seremala.

ShimoLaTano
Kete 2 kwa shimo ni hesabu sahihi. Tatizo ni kwamba bao lina namba nyingine zinazotegemea upana wa ubao, na hizo hujazigusa.

Anza na nyumba. Nyumba inahesabika ni nyumba ikiwa na kete 6 au zaidi. Ukianza na 4, mchezo unaanza bila nyumba, na ule uamuzi mtamu wa kulala (kuikomesha zamu kete ya mwisho ikiangukia nyumbani) au kusafiri (kuzizoa za nyumba na kuendelea kusambaza) unapotea. Rudisha 6, weka 2-2, mkononi zibaki 14. Namua, yaani awamu ya kwanza ya kutia kete moja ya mkononi kila zamu, inakuwa zamu 28 kwa wote wawili badala ya 44, na muda unaoutafuta utaupata hapo.

Kuweka zile 2-2 moja kila upande wa nyumba nako ni hatari. Nyumba ikiwa shimo la nne kutoka kushoto kwa mchezaji, shimo lake la tatu linatazamana na la nne la mwenzake, yaani nyumba ya mwenzake. Kwa hiyo anayeanza anatia kete moja kwenye shimo la tatu lenye 2 na kula, yaani kuzichukua, kete 6 za nyumba hiyo zamu ya kwanza kabisa. Zile 2-2 ziweke shimo la tano na la sita, kulia kwa nyumba, kama bao linavyofanya. Hapo kete zote zinatazamana na mashimo matupu, na wa kwanza atalazimika kutakata, yaani kusambaza bila kula.

Sasa kimbi, shimo la pili kutoka kila mwisho wa safu ya mbele, na hili naliona zito kuliko yote. Kwenye safu ya mbele ya mashimo 8, vichwa 2 (mashimo ya mwisho kabisa) na kimbi 2 vinakulazimisha upande wa kuanzia kusambaza ulichokula. Mashimo 4 ya kati yanakuachia uchague. Ukibana safu hadi mashimo 6 bila kugusa sheria, ya kulazimisha yanabaki 4 na ya kuchagua yanakuwa 2 tu. Mchezaji atakuwa anafuata amri, hachezi. Ondoa kimbi, acha vichwa pekee vilazimishe.

Mwisho, kwenye mtaji, awamu ya pili kete za mkononi zikiisha, shimo lenye kete 16 au zaidi halianzishi kula, kwa kuwa 16 ni mzunguko mzima wa safu zako mbili. Mzunguko wako wewe ni 12. Kikomo kiwe 11, lenye 12 au zaidi lisianzishe kula.

KichwaNaKimbi
Nakubali mengine yote, ila kimbi msikiondoe. Mtu akijifunza mchezo huu halafu akaketi barazani kwenye bao lenyewe, kitakachomwangusha ni kimbi. Afadhali safu ya mashimo 7: mashimo 28, kete 56, kila mmoja 28. Mbele yanabaki matatu ya kuchagua. Nyumba 6, 2-2, mkononi 18.

Angalizo moja tu. Usiiweke nyumba katikati eti kwa kuwa 7 ina katikati. Shimo la nne linatazamana na la nne, nyumba kwa nyumba, na wa kwanza anakula 6 papo hapo. Iweke la tano kutoka kushoto.

MtegoWaMbele
Kuhusu kadi. Bao halina bahati hata chembe. Kila kete iko mezani na kila mtu anaiona. Kadi za kuchota zikiwa zimefunikwa zitaua hilo. Kama ni lazima ziwepo, kila mchezaji apewe kadi 2 zilezile, ziwe wazi, kila moja itumike mara moja. "Geuza", ya kubadili upande wa kusambaza, inafaa. "Lala", ya kusimama popote unapopenda, inafaa pia.

Ila usitunge kadi inayomruhusu mtu kukataa kula. Lazima ya kula ndiyo moyo wa bao. Unamtengea mwenzako kete 3 mbele ya shimo lake, anazila kwa kuwa hana hiari, kete zake zinasogea, nyumba yake inabaki wazi. Akiwa na kadi ya kukataa, mtego hauna maana na kilichobaki ni kuhesabu mbegu.

Jingine: zamu isiyokoma. Kila unapokula, kete za mwenzako zinapungua, kwa hiyo kula kuna mwisho. Kinachoweza kuzunguka milele ni kete zako mwenyewe baada ya kula kwa mwisho: ya mwisho inaangukia penye kete, unazoa, unaendelea. Bao lenyewe lina zamu za namna hii. Andika sheria wazi: mizunguko 3 kamili bila kula, zamu inakwisha pale kete ya mwisho ilipoangukia.

Ukiwa na mtu anayeandika programu, mwambie auchezeshe mchezo mara 10,000 kwa hatua za kubahatisha. Tazama mambo matatu: anayeanza anashinda mara ngapi, ni michezo mingapi mtu anafungwa angali na kete mkononi, na zamu ndefu kuliko zote ilisambaza kete ngapi. Anayeanza akipita ushindi 55 kwa kila 100, badili mpangilio wa mwanzo kwanza, sheria baadaye. Hatua za kubahatisha hazikuoneshi mbinu, kwa hiyo bado unahitaji watu wanaolijua bao.

NamuaMpya
Nashukuru sana. Nitajaribu zote mbili, ya 6 bila kimbi na ya 7 yenye kimbi. Ubao wa majaribio nautengenezaje kwa bei ndogo? Na wa mbao uwe na vipimo gani?

PatasiNaMsasa
Majaribio: trei ya mayai 30 ina vishimo 5 kwa 6. Kata safu moja ya vishimo 6, umebaki na 4 kwa 6, ndio ubao wako. Kwa ule wa 7, gundisha vipande vya trei mbili. Komwe, zile mbegu za kuchezea bao, ni kubwa mno humo, tumia kunde. Nyumba izungushie kalamu ya wino.

Wa mbao, kwa mashimo 24: shimo upana sentimita 6, ukuta kati ya mashimo 0.8, ukingo wa nje 1.5. Urefu unatoka 43. Kama unataka ukunjwe, kata kati ya safu mbili za mbele na ukuta wa hapo uwe 1.6, kila nusu ibaki na 0.8, kila nusu ni 43 kwa 15.1. Ubao wa mninga unene wa sentimita 4, kina 2.5. Ukichimba hadi 3.5, sakafu inabaki nusu sentimita na itapasuka mti ukikauka.

Chini pawe duara kama bakuli, vidole vizoe kete zote kwa mkupuo mmoja. Nyumba ni ya mraba, na ni sawa ibaki hivyo ili ionekane, lakini pembe za chini zipige msasa mpaka ziwe mviringo. Pembe kali huficha kete moja, mtu anahesabu 5 kumbe ziko 6, na kwenye mchezo huu hiyo moja ndiyo inayosema kama nyumba ipo au haipo.