Mjadala: RPG ya kutisha iwe na levo, au levo ndizo zinazoua hofu?

Kete (mtoa mada)

Wadau, salaam. Hoja yangu naiweka wazi: gemu ya RPG (ile ya kuongoza mhusika anayekua uwezo kidogo kidogo) inayotaka kutisha isimlipe mchezaji kwa kuua. Ukishampa pointi za uzoefu kwa kila zimwi analoliangusha, umemgeuzia zimwi kuwa kitoweo. Anaacha kukimbia, anaanza kuwinda.

Tazameni Parasite Eve ya kampuni ya Square, 1998. Ufunguzi wake, mkesha wa Krismasi ndani ya Carnegie Hall, watu wakiwaka moto ukumbini na Aya, mhusika mkuu, akibaki mzima peke yake mbele ya jukwaa, ni miongoni mwa mianzo mizito kabisa ya enzi ile. Halafu levo zinaanza kupanda. Kila levo inakuja na pointi za ziada za kumwaga kwenye bunduki, kwenye nafasi za mkobani au kwenye kasi ya kipimo cha zamu. Kifaa kiitwacho Tool kinahamisha nguvu kutoka silaha moja kwenda nyingine, ile ya kwanza inapotea. Mwenye subira anajitengenezea bunduki moja inayomaliza kila kitu. Ukimaliza hadithi na kuanza mzunguko wa pili, linafunguka jengo la Chrysler lenye ghorofa 77, na kule juu mtu anapiga hesabu za silaha tu, haogopi chochote.

Sasa kampuni ya Capcom. Sweet Home ya Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo), 1989, ilikuwa na levo na mapambano ya kushtukiza. Resident Evil ya 1996, ambayo mizizi yake ni Sweet Home, ilibakiza jumba, milango inayofunguka polepole, barua za marehemu na mkoba mdogo (ukimchezesha Chris nafasi 6, Jill 8), ikazitupa levo. Zombi ukimwangusha hakuongezei nguvu, na risasi ulizompiga hazirudi. Ndiyo maana watu walijifunza kumkwepa. Mimi nasema uamuzi ule ulikuwa sahihi, na RPG za kutisha za leo zingeufuata.

Nahodha wa Giza

Mtoa mada, Sweet Home umeipitia mbio mno. Kule kuna watu watano, kila mmoja na kifaa chake: kiberiti cha gesi, sanduku la dawa, kamera, mashine ya kufyonza vumbi, ufunguo. Kundi moja halizidi watu watatu, kwa hiyo lazima uwagawe, na ukiwagawa umewaacha wengine bila tiba. Anayekufa harudi. Vipo vitu vya kuokota vya kuziba pengo lake, lakini vinakula nafasi mkobani. Hakuna duka. Mwisho wa hadithi unabadilika kwa idadi ya waliobaki hai, miisho mitano. Levo zimo zote humo, na hofu imo. Kwa hiyo aliyeua hofu kwenye Parasite Eve ni mwingine, usimsingizie levo.

Mfano mkubwa zaidi ni Darkest Dungeon ya Red Hook Studios, iliyotoka rasmi Januari 2016. Naomba niingie ndani kidogo, maana hapa ndipo hoja ya kufuta levo inapovunjika.

Unaongoza mashujaa wanne shimoni. Kila mmoja ana uhai, na ana msongo wa mawazo unaopimwa 0 hadi 200. Ukifika 100 anajaribiwa: kwa kawaida asilimia 25 anasimama imara, asilimia 75 anapatwa na kasoro kama woga, ubinafsi au ukatili kwa wenzake, na anaanza kukataa amri. Ukifika 200 moyo unasimama. Anaangukia mlango wa kifo, na kama alishakuwa pale mlangoni, anakufa. Uhai ukiisha hafi papo hapo. Anabaki mlangoni, na kila pigo linalofuata anakuwa na kama asilimia 67 ya kulistahimili. Mwenge unaanzia 100 na unapungua kadiri unavyoingia njia mpya. Ukiuacha ufifie, maadui wanapiga vikali zaidi na msongo unapanda haraka, lakini na mali unayookota inaongezeka.

Sasa levo. Shujaa wa levo 0 unampata bure kwenye gari la kuajiri. Akifa, wiki ijayo wapo wengine. Wachezaji wengi hutuma wanne wa bure gizani bila mwenge, wanakusanya dhahabu, wakirudi wamevurugika akili wanafukuzwa. Hofu iko wapi hapo? Haipo kabisa. Hofu inaanza levo ya 3, ya 4, ya 5, pale shujaa ameshakula dhahabu yako kwa fundi chuma na kwenye chama cha mafunzo. Huyo akisimama mlangoni na asilimia zake 67, mkono unatetemeka. Na gemu imeziba mwanya wa kuonea wanyonge: kuanzia levo ya 3 shujaa anakataa misheni za mwanzo, kuanzia ya 5 anakataa za kati. Hapo levo imeongeza ukubwa wa unachoweza kupoteza, na ndiyo inayokutisha.

Taa ya Chemli

Wote wawili mnazungumzia levo kana kwamba chanzo chake ni kimoja tu, kuua. Kuna njia ya tatu na ina zaidi ya miaka 20.

System Shock 2, 1999. Moduli za kuongeza uwezo unazipata kwa kutimiza hatua za hadithi na kwa kuzikuta sehemu zilizofichwa. Kuua hakukupi hata moja. Maadui wanaendelea kuzaliwa upya ndani ya meli ya angani unamochezea, bunduki zinachakaa kila ukifyatua na hatimaye zinakwama katikati ya pambano, kwa hiyo kila adui ni hasara tupu. Spana haichakai, ndiyo maana wengi walitembea meli nzima na spana mkononi wakiziogopea risasi zao.

Vampire: The Masquerade – Bloodlines, 2004, ni hivyo hivyo: pointi zinatolewa kwa kukamilisha kazi. Angalieni hoteli ya Ocean House kule Santa Monica. Unaingia na bastola na nguvu zako zote za kinyonyadamu, na hakuna wa kumpiga. Vyombo vinaruka, taa zinapasuka, lifti inaanguka, mzimu hauna mwili wa kupigwa risasi. Namba zako zote zipo palepale, ila hazina pa kufanya kazi. Sehemu ile watu wanaisimulia mpaka leo.

Kete

Taa ya Chemli, hapo tuko pamoja. Sikusema nguvu isiongezeke, nimesema isitoke kwenye mizoga. Lakini umesahau kusema kwamba System Shock 2 ilipotoka wachezaji walilalamikia bunduki kuharibika upesi na maadui kutokwisha, na kiraka (sasisho la gemu) kilichofuata kiliruhusu kasi ya kuchakaa ipunguzwe na kuzaliwa upya kuzimwe kwenye faili la mipangilio. Anayevizima vyote viwili anacheza gemu nyingine. Ndiyo shida ya hofu inayotegemea adhabu: inavumiliwa na wachache.

Nahodha, Darkest Dungeon uliyoisifia ina dhambi yake. Katika hali ya kawaida, shujaa aliyetoka salama kwenye misheni moja ya shimo la mwisho anakataa kurudi tena. Misheni ziko nne, watu wanne kila moja, yaani unahitaji mashujaa kumi na sita waliokomaa. Ukipoteza wanne, unarudi kulea wanne wengine tangu chini, shimo lilelile, maadui walewale. Saa ya ishirini ya kulea si hofu tena, ni kibarua. Na kibarua hicho kimeletwa na levo.

Nahodha wa Giza

Hilo la kulea nalikubali, na waliotengeneza gemu nadhani waliliona, maana hali ya Radiant iliyoongezwa baadaye imelegeza masharti hayo. Lakini urefu wa kulea ni namba ya kurekebishwa. Hauhalalishi kung'oa mfumo mzima.

Risasi Tatu

Bloodborne haijatajwa, na ndiyo inayonifanya nisimame upande wa Kete kwa nusu tu. Kuna kipimo kiitwacho Insight. Unakipata kwa kukutana na mabosi (maadui wakubwa), kuwashinda, au kutumia vitu kama Madman's Knowledge kinachokupa 1. Ukiwa na 1 tu, mwanasesere kule ndotoni anasimama na kuanza kuzungumza nawe, na huyo ndiye anayekupandishia levo. Ukifika 40 unaliona jitu la mikono mingi lililokuwa limeng'ang'ania kanisa muda wote, hata kabla hadithi haijalifichua. Na kadiri Insight inavyopanda, kinga yako dhidi ya wazimu inashuka. Kipimo cha wazimu kikijaa, sehemu kubwa ya uhai inakatika kwa pigo moja. Yaani unapanda kwa ujuzi na unadhoofika kwa wakati mmoja. Levo ya namna hiyo ningeitaka kwenye kila RPG ya kutisha.

Ila gemu hiyohiyo imejikwaa kwenye dawa. Chupa za damu unabeba 20, na hazijazi zenyewe ukifa. Ukikwama kwa bosi, akiba inaisha, unarudi Yharnam ya kati kuua walewale ili uokote chupa. Hapo mji uliokuogofya jana unakuwa ghala la dawa.

Fundi wa MV

Nimesoma yote. Wengi humu wanaotengeneza gemu hizi wanatumia RPG Maker MV, programu ya kutengenezea RPG, kwa hiyo niweke hesabu mezani, maana kifo cha hofu kimeandikwa ndani ya fomula ya kuanzia: `a.atk * 4 - b.def * 2`. Shambulio la mpigaji mara 4, toa ulinzi wa mpigwaji mara 2, na matokeo yanayumba kwa asilimia 20.

Chukua zimwi lenye shambulio 20. Shujaa mwenye ulinzi 20 anapoteza 40. Ulinzi ukifika 30 anapoteza 20. Ukifika 35, 10. Ukifika 40, sifuri. Levo chache pamoja na ngao moja, na lile zimwi uliloliandikia muziki wa kuogofya haliwezi kukukwaruza. Badala yake tumia `4 * a.atk * a.atk / (a.atk + b.def)`. Kwa namba zilezile: ulinzi 20 unakupa 40, ulinzi 40 unakupa kama 27, ulinzi 60 unakupa 20. Ulinzi una faida, lakini hautafika sifuri kamwe.

Kukimbia ndiko watu wanakosahau. Uwezekano wa kutoroka ni 0.5 mara wastani wa wepesi wa kundi lako, gawanya kwa wastani wa wepesi wa maadui; kila ukishindwa unaongezeka 0.1. Wepesi mkilingana ni asilimia 50, kisha 60, kisha 70. Levo zikikufikisha kwenye wepesi mara mbili ya adui, unatoroka jaribio la kwanza kila mara. Kwa hiyo mkunjo wa wepesi uache karibu tambarare kwa wahusika wote, tangu levo ya kwanza hadi ya mwisho.

Kama unataka njia ya Taa ya Chemli: weka EXP (pointi za uzoefu) ya kila adui kuwa 0 kwenye hifadhidata, kisha toa uzoefu kwa amri ya Change EXP kwenye tukio la hadithi lenyewe, mlango uliofunguliwa, barua iliyosomwa, mtu aliyeokolewa. Levo ya juu kabisa ishushe kutoka 99 hadi 10 hivi. Mapambano ya kushtukiza yaondoe, adui aonekane kwenye ramani ili mchezaji aamue kumpita au kumkabili. Na kosa ninaloliona mara nyingi: mtu anafuta EXP lakini anaacha adui adondoshe pesa, na duka liko mlango wa pili. Mchezaji ataua kwa ajili ya pesa, atanunua ngao, na utakuwa umerudi palepale.

Kete

Fundi, fomula hiyo ndiyo mada yangu imeandikwa kwa namba, asante sana. Niongeze Fear & Hunger ya Miro Haverinen kutoka Finland, 2018, iliyotengenezwa kwa MV hiyohiyo. Haina pointi za uzoefu kabisa. Kila kiungo cha adui kina uhai wake, hivyo unaanza na mkono wenye silaha kabla haujakukata wa kwako; kichwa kinavutia lakini mapigo mengi yanakikosa. Mkono uliokatwa hauoti, na silaha ya mikono miwili huishiki tena. Hata kulala kitandani ili usevu ni kurusha shilingi. Angalizo: ni gemu ya watu wazima, ina ukatili na udhalilishaji wa kingono, asipewe mtoto kwa sababu tu michoro yake ni midogo.

Nahodha wa Giza

Nayo hiyo inaisha hofu, Kete. Mchezaji akishajua kitanda kiko wapi, kitabu cha kusevu kiko rafu gani na nani wa kukatwa mkono kwanza, amepanda levo kichwani mwake. Hiyo huwezi kuifuta kwenye hifadhidata.

Risasi Tatu

Na anayecheza gemu za zamani kwa emuleta ya simu (programu inayoiga mashine za gemu) ana kusevu papo hapo sekunde moja kabla ya kila mlango. Kwake yeye levo ziwepo zisiwepo, mhusika hafi. Anayetaka kupima hoja zilizotolewa humu azime kwanza kitufe hicho, avae spika za masikioni, ndipo aje atuambie Sweet Home inatisha au haitishi.

Fundi wa MV

Kwenye gemu mnayoitengeneza wenyewe mnaweza kubana kusevu: funga menyu kwa Change Save Access tangu tukio la kwanza, kisha weka Open Save Screen kwenye vitanda tu. Vitanda viwe umbali wa dakika 15 hadi 20. Ukizidisha, mchezaji akifa anarudia kipande kirefu anachokijua tayari, na mara ya tatu anakipita akipiga miayo.

Kete

Dakika 20 kwa gemu isiyo na levo ni nyingi, Fundi. Anayekufa hapo hana hata uzoefu wa kubaki nao. Mimi ningeweka 10.