Binti yangu ana pumu ila siku hizi habanwi: aendelee kuvuta dawa kila siku?

MamaBinti
Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 9 ana pumu. Daktari alimpa dawa mbili za kuvuta: ya bluu (salbutamol) ya kutumia akibanwa, na ya kahawia (beclometasone) ya kuvuta asubuhi na jioni hata akiwa mzima. Kabla ya hapo alikuwa akiamka usiku kukohoa, kifua kinapiga filimbi, anaketi kitandani mabega yamepanda. Sasa analala mpaka kunakucha, na anaruka kamba na wenzake.

Mama mkwe ndiye anayeshinda naye nikiwa kazini, na namheshimu sana. Yeye anasema mtoto ameshapona, tuiache ile ya kahawia kwa sababu ina steroidi (aina ya dawa ya kutuliza uvimbe), itamdumaza, tena kifua kitaizoea. Ya bluu hana neno nayo, maana kazi yake anaiona papo hapo. Nami nimekwama katikati. Pumu hupona? Na mtoto asiyeumwa anavuta dawa ya nini?

NesiWaWatoto
Pole mama. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye uzito.

Pumu haiondoki kifua kikitulia. Ni uvimbe wa muda mrefu kwenye njia za hewa. Upo hata siku ambayo mtoto anacheza vizuri, kama kidonda kilichoacha kuuma lakini hakijafunga. Kikija kichochezi, iwe mafua, vumbi, moshi, baridi au manyoya ya paka, kuta za njia hizo huvimba zaidi, misuli inayozizunguka hubana, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Dawa ya bluu hulegeza misuli tu: nafuu huja ndani ya dakika chache na huisha baada ya saa 4 hadi 6. Uvimbe inauacha palepale. Ya kahawia ndiyo inayoutuliza, polepole, kwa siku na wiki, ndiyo maana bibi haioni ikifanya kazi. Lakini huo usingizi wa mpaka kunakucha ndiyo kazi yake!

Kuhusu kimo, hofu ya bibi haikutoka hewani. Steroidi za kuvuta zinaweza kupunguza urefu kidogo, kama sentimita 1, hasa mwaka wa kwanza. Lakini pumu isiyodhibitiwa nayo hudumaza, na humnyima mtoto usingizi na masomo. Mwambie daktari ampime kimo kila mkija.

Kuhusu kuzoea, mimi naiogopa zaidi ile ya bluu ikitumiwa peke yake. Anayemaliza chupa 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa hiyo pekee.

Je, hupona? Kuna watoto ambao dalili huwaacha wakikaribia ujana, na wengine huwarudia ukubwani. Akikaa vizuri kwa takriban miezi 3, daktari anaweza kupunguza dozi hatua kwa hatua. Kuikata ghafla nyumbani, hapana.

Mkimbiaji
Dada, nina pumu tangu utotoni na nakimbia mbio ndefu. Mwanariadha Mwingereza Paula Radcliffe ana pumu, na mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, saa 2:15:25. Kwa hiyo kamba aendelee kuiruka.

Ninachotaka kujua ni anavyovuta. Anatumia chemba, ile ya plastiki inayochomekwa kwenye dawa? Bila chemba, dawa nyingi huishia kooni, na mtu anadhani dawa haina nguvu.

MamaBinti
Asanteni sana, mmenitua mzigo. Chemba hana! Anabonyeza, halafu ndipo anavuta. Na bibi akiwa naye peke yake, atajuaje kwamba hali imekuwa mbaya?

NesiWaWatoto
Ulizeni chemba kliniki. Tikisa chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara 5 au 6 mdomo ukiwa umeshika vizuri. Kabla ya kubonyeza mara ya pili, tikisa tena. Baada ya ya kahawia asukutue na kutema, asije akapata fangasi za mdomoni.

Bibi aangalie haya: mtoto hawezi kumaliza sentensi bila kukatisha pumzi, ngozi inaingia ndani katikati ya mbavu, midomo inageuka rangi, au amelegea na kusinzia. Filimbi ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika kuvuta hewa, hiyo si nafuu, ni hatari zaidi.

Amketishe wima, asimlaze. Ampe ya bluu kwa chemba, abonyeze mara moja kila baada ya nusu dakika hadi dakika 1, zisizidi mara 10. Asipopata nafuu, au akionyesha hata dalili moja kati ya hizo, aite msaada wa dharura hapohapo bila kukusubiri wewe utoke kazini. Mwombe daktari awaandikie mpango huo kwa dozi za binti yako, na siku hiyo mwende kliniki pamoja na bibi, aonyeshwe kwa mikono yake mwenyewe.