Tunalipia kila kichwa kwa dola, halafu programu inafuta tarehe kimyakimya!

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Kampuni yetu ya ujenzi ina watu 14. Bosi akatutoa kwenye grupu la WhatsApp akatuingiza kwenye programu ya kusimamia miradi, ile ya ubao wa kadi, kila kazi na kadi yake yenye tarehe, eti tufanye kazi kwa pamoja. Malipo ni kwa dola, kila kichwa, kila mwezi. Hata mtunza stoo analipiwa.

Sasa sikieni. Alhamisi foromeni wa saiti ya Goba alisogeza siku ya kumwaga zege la slabu kutoka Jumamosi hadi Jumanne, maana mhandisi alizikataa nondo. Muda huohuo jamaa wa manunuzi yuko kwenye mwendokasi, mtandao umekata, kadi hiyohiyo iko wazi kwenye simu yake. Alichoongeza ni namba ya dereva tu. Alipofika Kimara mtandao ukarudi, simu ikatuma kadi nzima na tarehe yake ya zamani. Jumanne ikafutika. Programu haikumwambia mtu kwamba mwenzake ameshabadilisha.

Siku hiyo nilipata arifa 41! Nani kaweka dole gumba, nani kabadilisha picha. Ya tarehe, hakuna.

Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi malori mawili ya zege yako getini, ngoma zinazunguka. Zege halisubiri, tena kwa joto hili la Dar; dakika 90 zikipita tangu litiwe maji unaanza kubembeleza jiwe. Tukalirudisha, na tukalilipia lote. Foromeni katukanwa mbele ya vibarua kwa kosa lisilo lake.

Kutaka kuona nani kabadilisha nini, historia iko kifurushi cha juu. Google Docs ya bure inakuonyesha, hawa wanaiuza! Ilibidi tuigize wenyewe kwa simu mbili ndipo tukagundua. Huduma kwa wateja walijibu baada ya siku mbili, wakatuma orodha ya bei.

Foromeni sasa kaning'iniza ubao kwenye mabati ya saiti. Anayetaka kubadilisha tarehe aje asaini. (Hizi kadi zenyewe Toyota walizitumia kiwandani zikiwa karatasi, na magari yalitoka.)

Mwenye programu inayoonya watu wawili wakishika kadi moja, na historia isiyouzwa kando, aitaje hapa. Watu wa mauzo msinifuate pembeni.