Je, wanga wa muhogo unaweza kutoa umeme bila kuchomwa?

Mkulima wa Muheza
Ndugu zangu, salaam. Ninalima muhogo na kukamua wanga, na maji ya kusuuzia, ambayo bado yana wanga na sukari, huwa nayamwaga. Nimesoma kwamba seli ya fueli hutengeneza umeme kutokana na haidrojeni pasipo moto wala moshi. Je, wanga hauwezi kuingizwa moja kwa moja kwenye seli kama hiyo, katika joto dogo, ukachaji hata simu? Na kama hauwezi, kikwazo ni nini, ilhali ugali huo huo wa muhogo ndio unaonipa nguvu za kushika jembe?

Mwalimu wa Kemia
Nguvu imo, tena nyingi. Molekuli moja ya glukosi, yaani sukari inayounda wanga, ikioksidishwa (ikiunguzwa na oksijeni, hata bila moto) mpaka ikabaki kaboni dioksidi na maji, hutoa elektroni 24, zile chembe ambazo zikitiririka kwenye waya ndizo umeme, na kilo moja ya glukosi hubeba, kinadharia, takriban kilowati-saa 4.4. Tatizo ni kuzitoa hizo elektroni. Platinamu, metali inayotumika kama kichocheo katika seli za fueli, ambayo huichanganua haidrojeni bila taabu katika nyuzi 80 hivi, hushindwa kuuvunja mnyororo wa kaboni sita wa sukari. Mara nyingi kazi huishia kwenye asidi ya glukoniki, yaani elektroni 2 tu, huku mabaki kama kaboni monoksidi yakiung'ang'ania uso wa platinamu hadi ikalemaa.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Changanya maji, glukosi na kostiki soda kidogo katika chupa, dondoshea rangi iitwayo methilini bluu, funga, kisha iache itulie. Baada ya dakika chache ubluu hutoweka, kwa kuwa rangi imepokea elektroni za sukari. Ukitikisa chupa, oksijeni ya hewani huzichukua na ubluu hurudi papo hapo. Zilazimishe elektroni hizo zipite kwenye waya kabla ya kuifikia oksijeni, nawe umepata seli. (Vaa miwani na glovu, kostiki haina mzaha.)

Mtafiti wa Nishati
Wazo hilo la rangi kuwa mjumbe limefanyiwa kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walitumia viologeni, kundi la kemikali zinazopokea na kupokezana elektroni kama rangi hiyo, katika maji ya alkali (kama yale ya kostiki), ila mwenzetu mkulima aelewe kwamba methili viologeni ndiyo paraquat, ile sumu ya magugu, kwa hiyo asiijaribu nyumbani. Isitoshe, kaboni dioksidi inayozaliwa huigeuza alkali kuwa kabonati, na alkali hiyo lazima iongezwe kila mara.

Mwaka 2014 wenzao wa Georgia Tech, chuo kikuu kingine cha Marekani, walitumia asidi yenye molibdenamu, ambayo hunyang'anya elektroni kutoka kwa wanga, selulosi na hata unga wa mti, ikisaidiwa na mwanga au joto. Walipata takriban miliwati 0.7 kwa sentimita ya mraba. Simu inayochajiwa kwa wati 5 ingehitaji zaidi ya sentimita za mraba 7,000, sawa na meza ndogo ya kulia. Mwaka huo huo watafiti wa Virginia Tech, nacho chuo kikuu cha huko, walipanga vimeng'enya 13 (protini za aina inayovunja chakula mwilini) vikapokezana maltodekstrini, ambayo ni wanga uliokatwakatwa, hadi karibu elektroni zote 24 zikatoka. Lakini vimeng'enya ni ghali na huharibika upesi.

Mkulima wa Muheza
Nashukuru sana. Je, maji yangu ya kusuuzia yangefaa?

Mwalimu wa Kemia
Kwa seli ya platinamu, la. Muhogo mchungu huacha sianidi majini, nayo hushika platinamu kama kaboni monoksidi inavyofanya. Bakteria, ambao nao huweza kula sukari na kutoa umeme, ni wavumilivu zaidi wakizoeshwa polepole, na umeme wao si jambo geni, maana Michael Potter wa Durham, Uingereza, aliupima mwaka 1911. Hata hivyo ni umeme kiduchu. Kwa maji hayo, mimi ningejenga mtambo wa bayogesi, ambamo bakteria huyageuza kuwa gesi ya kuwasha.

Mtafiti wa Nishati
Naafiki, ila usiwamwagie bakteria maji yote siku ya kwanza. Anza na ndoo moja iliyochanganywa na samadi.