Simu za wanafunzi: zipondwe mstarini, au kiwepo kipindi cha kuwafundisha kuzitumia?

Mama Wawili:
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla ya kikao cha wazazi Jumamosi. Shule anayosoma binti yangu, kidato cha pili, wamekamata simu bwenini na uongozi unapendekeza zipondwe nyundo mstarini, wanafunzi wote wakiangalia. Simu kukatazwa shuleni sina ugomvi nako, katazo lipo miaka yote. Swali langu ni hili: mkishaziponda, mtoto akirudi likizo akashika simu ya shangazi yake, nani atakuwa amemwambia kwamba picha ikishatoka hairudi? Nani kamwambia kwamba huyo "kaka" wa Facebook anayemuungia bando kila wiki ana lake jambo? Kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili lililokuja na mtaala mpya. Kuna Kompyuta kwa shule zenye kompyuta. Usalama wa mtandaoni umekaa wapi kati ya hayo? Mimi nataka kiwe kipindi cha lazima, hata kimoja kwa wiki.

Ngosha Mtata:
Afundishe nani? Kuna mwalimu namjua, nywila ya kishkwambi kaiandika kwenye karatasi akaibandika nyuma ya kishkwambi hichohicho. Waanze kufundishwa wao.

Mwalimu Chaki:
Nilikuwa napita kimyakimya ila hapa nimesimama. Ngosha, hivyo vishkwambi unavyovicheka ni vile vya sensa ya 2022. Makarani walipomaliza kuhesabu watu ndipo tukagawiwa sisi. Bando najiwekea kwa mshahara wangu. Darasa langu lina watoto zaidi ya 90, na soketi inayofanya kazi iko ofisini kwa mkuu wa shule. Halafu anatokea mtu amejilaza kwenye kochi anasema nianze kufundishwa mimi.

Ngosha Mtata:
Mwalimu umejibu soketi, nywila hujaigusa.

Mwalimu Chaki:
Wewe la saba ulipata maksi ngapi?

Binti Pangani:
Jamani, dada kauliza jambo la maana. Huku kwetu picha ya mwanafunzi ilizunguka magrupu mpaka ikatua kwenye grupu la ukoo wake mwenyewe. Aliyeianzisha ni mwenzake wa darasani, walikosana. Lakini walioifikisha mbali ni watu wazima na heshima zao. Kila mmoja anaandika "jamani watoto wa siku hizi", halafu anaisukuma mbele. Mtoto ndiye aliyehamishwa shule, wale wengine wote bado wapo grupuni wanatakiana asubuhi njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inasema anayechapisha picha za ngono za mtoto kifungo chake hakipungui miaka 7. Na mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni yeyote aliye chini ya miaka 18, hata awe mrefu kama mlingoti. Hicho kipindi kikianzishwa, dawati la mbele wakae wazazi.

Mzee wa Busati:
Maneno mengi. Dawa ya simu ni fimbo. Chalamila alipokuwa mkuu wa mkoa Mbeya 2019 aliwatandika wanafunzi wa sekondari ya Kiwanja kule Chunya, na Magufuli akampongeza hadharani. Mkiwabembeleza watoto mtavuna mnachopanda.

Wakili wa Kijiweni:
Mzee wangu shikamoo kwanza. Pale Kiwanja mabweni yaliungua, ndiyo maana mambo yakawa makubwa, simu zilikuwa sehemu tu ya tuhuma. Na mkuu wa mkoa hayumo kabisa kwenye kanuni ya viboko. Anayetajwa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu cha adhabu.

Mzee wa Busati:
Marahaba. VIBOKO NI SITA.

Wakili wa Kijiweni:
Sita ilikuwa kanuni ya 1979, mzee. 2002 vikashushwa hadi vinne.

Mzee wa Busati:
Mimi nilikula kumi na mbili kwa siku moja na nimekuwa mtu. Nimejenga, nimesomesha.

Ngosha Mtata:
Kwa hiyo mzee kuanzia kile cha saba vilikuwa kinyume cha kanuni yako mwenyewe, na bado unamtetea aliyekuchapa.

Mzee wa Busati:
Kijana, ungekuwa jirani yangu ningekuita tukazungumza ana kwa ana.

Kitochi:
Mnaosema simu ni shetani mnasahau ya shule ya Mbeya Day 2016. Walimu wa mazoezi walimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu ngumi na mateke ofisini. Mpaka video iliyochukuliwa kwa simu iliposambaa ndipo mawaziri wakaamka. Bila ile simu angeambiwa kadanganya.

Mwalimu Chaki:
Nilijua tu. Kila mjadala wa elimu nchi hii lazima uishie Mbeya Day. Wale walikuwa wanachuo, na wakafukuzwa vyuoni. Mzazi akija ofisini kunitukana mbele ya wanafunzi wangu, hiyo video mbona siioni ikisambaa?

Kitochi:
Irekodi, si una kishkwambi.

Binti Pangani:
Naomba kitu kimoja hapo. Ile video ilimsaidia yule kijana, sikatai. Lakini leo ni mtu mzima, pengine anatafuta kazi, pengine ana mke, na sisi kila mwaka tunaifufua tena. Nani aliwahi kumuuliza kama anataka iendelee kutazamwa? Mtoto wa kidato cha pili akipewa swali hilo alijadili darasani dakika arobaini, atakuwa amejifunza kuliko kukariri sehemu za kompyuta.

Mzee wa Busati:
Wakili, hiyo kanuni ya 2002 uiweke hapa tuione. Usituletee vya kijiweni.

Wakili wa Kijiweni:
Kuna Waraka wa Elimu namba 24 wa mwaka huohuo wa 2002. Mkuu yeyote wa shule anaujua. Humo humo mtoto wa kike anatakiwa achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina.

Jirani wa Voi:
Ndugu zangu hapo ng'ambo, nawasoma nikicheka na kusikitika pamoja. Huku Kenya serikali ilileta tableti za darasa la kwanza tangu 2016. Shule niliyokuwa nafundisha tulizifungia stoo kwa kuogopa wezi, tukawa tunazitoa siku ya wakaguzi. Somo mnaloliulizia haliji na kifaa. Mimi niliwafundisha wanafunzi wangu kukagua habari ya uongo kwa gazeti kuukuu na chaki.

Ngosha Mtata:
Karibu jirani. Nyie mna tableti stoo, sisi tuna viboko vinne au sita, bado tunahesabu.

Mjukuu wa Bibi:
Na akili mnemba je? Mdogo wangu insha zote anaandikiwa na ChatGPT, mwalimu anampa alama nzuri na "hongera" kwa wino mwekundu. Hilo nalo ni maadili au siyo?

Ngosha Mtata:
Australia wameshapiga marufuku simu kwa watoto. Wazungu wenye teknolojia yao wameshindwa, ije kuwa shule ya kata isiyo na choo.

Wakili wa Kijiweni:
Acha kupotosha. Simu wanazo. Walichozuia ni akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16, kuanzia Desemba 2025. Na wanaobanwa ni kampuni, mtoto hatozwi faini.

Ngosha Mtata:
Ni kulekule.

Wakili wa Kijiweni:
Siyo kulekule hata kidogo, ila endelea.

Mama Wawili:
Nimesoma yote. Tumeanza na mtandao, tumefika Chunya. Ngoja niseme kilichonisukuma kuandika. Mwezi uliopita wazazi kadhaa wa shule hiyohiyo walitumiwa ujumbe: mwanao kaanguka ghafla, yuko hospitali, tuma hela ya vipimo haraka kwa namba hii. Jina la mtoto lilikuwa sahihi. Kidato sahihi, mpaka bweni. Mama mmoja alituma. Sasa hao matapeli walijuaje bweni? Orodha nzima ya wanafunzi, na namba za wazazi, ilibandikwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili na ushee, wengine watoto wao walishamaliza zamani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Kabla hamjaponda simu ya mtoto, nani amefundishwa kutokubandika orodha ile?

Mwalimu Chaki:
Kwa hiyo sasa walimu ndio tunawapa matapeli namba? Semeni tu. Mvua isiponyesha mwalimu, mtoto akifeli mwalimu, tapeli akipiga simu mwalimu.

Kitochi:
Hajasema mwalimu. Kasema orodha.

Mwalimu Chaki:
Orodha kabandika nani, mlinzi?

Binti Pangani:
Mama Wawili, ile namba ya tapeli wote mliopokea itumeni kwenda 15040, ndiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti. Ujumbe ule usiufute. Na mkiwa kikaoni ulizeni pia zile picha za watoto wakiwa na sare zinazowekwa Facebook, jina la shule limeandikwa kifuani. Mtu akitaka kumvizia mtoto getini hahitaji kuuliza njia.

Mzee wa Busati:
Hapo kwenye matapeli naunga mkono. Hao wachapwe hata ishirini.

Wakili wa Kijiweni:
Mama Wawili, Jumamosi uliza mambo mawili. La kwanza, simu ni mali ya mtu, aghalabu ya mzazi. Anayeiponda ameandikiwa wapi ruhusa ya kuiharibu badala ya kuitunza mpaka mzazi aje? La pili ndilo zito. Tangu zilipokamatwa bwenini kwa wasichana mpaka siku ya nyundo, zinakaa kwa nani, laini na kadi za kumbukumbu anazitoa nani, na kuna kitabu kinachosema nani ameziwasha?

Mama Wawili:
Ziko kwa mwalimu wa nidhamu. Mwanaume.

Binti Pangani:
Zimezimwa?

Mama Wawili:
Hatujaambiwa. Binti anasema walilazimishwa kutaja nywila siku ileile ya msako.

Kitochi:
Mwalimu Chaki upo?

Mwalimu Chaki:
Nipo. Kwetu inazimwa mbele ya mwenyewe, inatiwa kwenye bahasha, matroni anasaini juu ya gundi, mzazi anaichukua siku ya kufunga shule. Nywila hatuombi. Huko kwa Mama Wawili siwezi kuwasemea. Na Ngosha, maksi zako za la saba bado nazisubiri.